Ufunguo Nyuma ya Kalenda

Sijawahi kumwamini mtu anayenipigia kwa namba ngeni asubuhi, hasa akianza kwa kulia. Siku hizi matapeli wanalia vizuri kuliko wafiwa. Kwa hiyo simu ilipoita nikiwa sijamaliza chai, na sauti ya mwanamke ikaniambia, "Dada Sanga, Mama ametutoka," sikusema pole. Nilimuuliza mama yupi. Akajibu kwamba ni Mama Faraja wa Makambako, na kwamba anayeongea ni Faraja mwenyewe, bintiye. Nikamwambia, "Kama wewe ni Faraja kweli, niambie ufunguo wa chumba cha mgeni ulikuwa unakaa wapi." Nikasikia watu nyuma yake wakiburuta viti. "Nyuma ya kalenda ya kanisa, Dada," akasema. "Mpaka leo upo hapo hapo." Ndipo nikaweka kikombe chini na kusema pole, na aibu ikanishika kwa kumpima mtoto wa marehemu kama mashine inayoomba kuingia kwenye mtandao. Lakini ndivyo nilivyo. Na mwaka ulionifanya hivi naujua, ingawa siku nyingine nadhani ulinikuta hivi hivi, ukanipa tu kazi ya kulipwa kwa tabia yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimetoka chuo na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, na kampuni moja ya mbegu za viazi ikaniajiri katika ofisi yake ya Njombe. Ilikuwa na maghala matatu ya baridi: moja Njombe mjini, moja Wanging'ombe na moja juu Makete. Mbegu ya kiazi haitaki mchezo. Ikipata joto inachipua kabla ya wakati, ikikosa hewa inatoka jasho na kuoza, na mkulima aliyeihifadhi hana nyingine ya kupanda mvua zikifika. Kwa hiyo kila ghala lilifungwa vipima joto vya waya, vipimo vikawa vinaingia kwenye kompyuta ndogo ya ghala kila baada ya dakika tano, na kutoka hapo vilitakiwa kufika makao makuu Dar es Salaam. Shida ni kwamba wakubwa hawakutaka mashine za ghala ziguse mtandao wa nje hata kidogo. Waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa kwa ajili ya joto la viazi, mwizi naye atapitia hapo. Ndipo ikawekwa seva ya kati Makambako, mahali ambapo barabara, reli na waya wa mtandao vinakutana. Ghala lilifunga vipimo vyake kama barua iliyotiwa lakiri, likapiga hodi Makambako. Seva ikakagua lakiri, ikapokea, ikapeleka mbele bila kuweza kuisoma. Wa ndani ndiye aliyepiga hodi nje. Wa nje hakuruhusiwa kamwe kupiga hodi ndani. Aliyenifundisha kazi alinipa kanuni moja: usimwamini yeyote mpaka athibitishe yeye ni nani, na akishathibitisha, muulize tena baada ya dakika tano. Niliipenda kanuni ile kama wenzangu walivyopenda wachumba.

Ofisi yangu ya Njombe ilikuwa chumba cha nyuma chenye ukuta wa mbao, dirisha moja, na kioo kikubwa cha kompyuta kilichoonyesha maghala matatu kwa mistari ya kijani. Mstari ukikatika ulibaki mweupe mpaka mawasiliano yarudi. Asubuhi za baridi nilikaa humo na makoti mawili, kwa sababu jiko la mkaa lilipigwa marufuku karibu na mashine, wakati upande wa pili wa mbao wapakiaji walizunguka jiko lao wakila kande na viazi vya kuchoma. Harufu ilipita kwenye nyufa, na maneno pia. "Kile kiwaya kinasikia," alisema mmoja wao siku moja. Mwenzake akauliza kinasikia nini. "Kila kitu. Kwani unadhani viazi ndiyo vinahitaji kuchungwa hivyo? Tunachungwa sisi. Na huyu binti wa Kikinga humu ndani ndiye anayesikiliza, halafu anapeleka Dar." Ningeweza kugonga mbao nikawaeleza kwamba waya ule hausikii hata radi. Sikugonga. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kuogopwa na watu wazima ukiwa na miaka ishirini na mitano kuna utamu wake, na mimi niliulamba mpaka chini ya bakuli.

Makambako alikuwepo Haule. Alikuwa fundi wa maghala yote matatu, mtu wa Manda huko ziwani, wakati ule amekaribia miaka arobaini na mitano, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuimba tenzi za kanisa akiwa anakaza skrubu. Seva ya kati ilikaa kwenye chumba kilichopangwa nyumbani kwa Mama Faraja, mjane mmoja wa Kibena aliyekuwa na nyumba ya matofali Mahongole, hapo hapo Makambako. Kwa sheria ya kampuni chumba kile kilikuwa na funguo mbili tu, mmoja kwa Haule na mmoja kwangu. Mara ya kwanza nilipokwenda kukikagua, Mama Faraja alinipokea kwa "Kamwene" na kikombe cha uji wa ulezi, akaniuliza kama mgeni wetu anaendelea vizuri. Nikauliza mgeni yupi. Akaonyesha mlango wa chumba kwa kidevu. "Huyo wenu anayenguruma. Haule anasema anarusha habari mpaka Dar es Salaam. Mimi namwita mgeni, maana hali, haitikii salamu, lakini yupo." Nilicheka kwa adabu. Ndani, niliona chumba kisafi kupita kiasi. Makambako ina upepo unaoingiza vumbi mpaka kwenye chumvi, lakini juu ya kabati la seva hapakuwa na vumbi hata la kuandika jina. Niliandika kwenye daftari langu: chumba kisafi mno, kwa nini? Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Hata usafi niliutilia shaka.

Mwanzoni mwa mwaka mistari yangu ya kijani ikaanza kukatika. Yote mitatu kwa pamoja, maana yake koo lilikuwa limezibwa Makambako. Mara ya kwanza ilikuwa tangu asubuhi mpaka kesho yake mchana. Nilimpigia Haule, alikuwa Makete, akasema atapita akirudi, na alipopita akakuta seva inawaka kama kawaida. Mara ya pili vivyo hivyo. Nilidhani ni umeme, lakini seva ilikuwa na betri kubwa, na kumbukumbu zake zenyewe zilisema kitu kingine: ilizimwa kwa utaratibu. Mashine iliyokatiwa umeme huanguka kama mtu aliyepigwa rungu, na ikiamka inalalamika. Hii ilikuwa imelazwa taratibu, kwa kitufe, na kidole cha mtu anayejua. Kompyuta za maghala zilikuwa na kumbukumbu ndogo, ziliweza kushikilia vipimo vya saa tatu tu wakati zinasubiri kupokelewa. Zaidi ya hapo zilivitupa. Kwa hiyo kila pengo lilibaki pengo, siku nzima ya viazi ambayo hakuna mtu angeweza kuisimulia. Nilichora jedwali la mapengo nikalibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo. Hesabu ya funguo mbili ni rahisi. Wangu ulikuwa shingoni mwangu.

Pengo la tatu ndilo lililoua mbegu. Asubuhi ya siku ile kompresa ya Wanging'ombe ilikufa, na feni zikafa nayo. Zamani pale ghalani alikuwepo mama mmoja aliyesoma kipima joto cha ukutani asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Sisi tulimpokonya daftari, tukashusha kipima joto, tukapiga marufuku kufungua mlango bila ruhusa, kwa sababu sasa kulikuwa na mashine. Siku hiyo mashine ilipiga hodi Makambako ikakuta mwenye nyumba hayupo, na mlango wa ghala haukufunguliwa mpaka kesho yake jioni. Viazi vilivyorundikwa vinapumua, vinajichemsha vyenyewe. Nilikwenda na meneja. Harufu ilitupokea kabla hatujashuka kwenye gari, na wakulima walikuwa wamesimama ukutani, wengine wameshika magunia matupu waliyokuja nayo. Mzee mmoja alichukua kiazi, akakibonyeza kikatoka maji, akakirudisha pale pale kwa uangalifu. Hakuna aliyepiga kelele. Lakini wakati tunaondoka nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mbegu nzuri imetoka usiku, hii ni ya kujazia. Lazima walizima macho kwanza." Meneja naye alisikia. Ndani ya gari aliniuliza kama jambo hilo linawezekana. Nikasema linawezekana.

Siku mbili baadaye nilikwenda Makambako bila kumwambia Haule. Ilikuwa mchana, upepo unapiga mabati, na mlango wa jikoni wa Mama Faraja ulikuwa wazi. Nilisimama nje kabla ya kubisha, kwa sababu nilisikia sauti ya Haule ndani. "Wewe nyamaza tu, Mama," Haule alikuwa anasema. "Wakija na maswali, wewe hujui chochote. Hili niachie mimi." Mama Faraja akasema, "Lakini mwanangu, si haki." Haule akarudia, "Niachie mimi." Kisha nikasikia kijiko kikigonga sufuria, na Mama akimwambia ale, mboga inapoa. Niliondoka bila kubisha hodi, mimi niliyeabudu kupiga hodi. Nilitembea mpaka stendi nikiwa na furaha mbaya ya mtu aliyekuwa anasema hivyo tangu mwanzo. Sikujiuliza hata mara moja wanaficha nini. Nilijua. Kwenye daftari niliandika maneno yao yote, na tarehe, na kwamba kulikuwa na chakula.

Kikao kilifanyika Njombe, chumba cha meneja, chai na maandazi mezani ambayo hakuna aliyeyagusa. Nilisoma jedwali langu. Nilieleza kitufe, kumbukumbu, funguo mbili. Nilisoma na yale niliyoyasikia mlangoni. Haule alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyepanda juu ya paa na haoni ngazi. Meneja akamuuliza, "Nani mwingine ana ufunguo wa chumba kile?" Haule akajibu, "Hakuna." Nikajua anadanganya. Niliuona uongo kidogo, kwenye kope, na nikasema mbele ya wote, "Kaka Haule, hapo umesema uongo." Mpaka leo huwa najiambia kwamba juu ya hilo nilikuwa sahihi. Akasema, "Andikeni mnavyotaka kuandika." Wakaandika. Hawakuweza kuthibitisha kwamba aliuza hata kiazi kimoja, kwa hiyo hawakumpeleka polisi, lakini walimfukuza kazi, na jina likatangulia mbele yake kila alipokwenda kuomba nyingine: Haule mwizi wa mbegu. Kwetu nyanda za juu unaweza kuiba kuku ukasamehewa kwa faini ya ulanzi, pombe ya mianzi. Aliyeiba mbegu watoto wake hawapati mchumba. Aliondoka kurudi Manda kabla ya mwezi kwisha, na mimi nikapewa ufunguo wake, na baada ya wiki nikahamishiwa Makambako kushika nafasi yake.

Nilipanga kwa Mama Faraja, chumba kinachopakana na seva, ili niilinde. Nilitegemea anichukie. Alinipa godoro lake zuri. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu, jioni ugali na mboga ya figiri, na redio yake ya betri iliimba kwaya tangu jua linachomoza. Faraja alikuwa binti wa sekondari, anakuja likizo tu. Mama hakutaja jina la Haule, ila siku moja aliponiwekea chakula alisema, "Sahani hiyo alikuwa anaipenda," kisha akatoka kwenda kuchambua maharage. Nilikula nikiamini kwamba nachunguzwa. Niliweka uzi mwembamba mlangoni kwa seva, nione kama kuna anayeingia, na kweli Jumamosi moja nikaukuta umekatika. Nikabadilisha kitasa? Hapana. Nilisubiri, kwa sababu nilitaka kumkamata mtu, na mtu hakamatwi kwa kitasa.

Alikamatwa Juni, asubuhi yenye ukungu hata mti wa uani hauonekani. Mwanamke wa jirani aliingia getini mikono ikiwa kichwani, akasema mzee fundi seremala wa nyumba ya tatu amefariki. Mama Faraja alizima redio katikati ya wimbo. Akafunika televisheni kwa kitambaa. Akafunga khanga ya pili kiunoni, akavuta kigoda mpaka ukutani, akainua kalenda ya kanisa, na nyuma yake kwenye msumari ulikuwepo ufunguo, wa tatu, ambao kwenye jedwali langu haukuwepo. Nikamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akanijibu bila kugeuka, "Kumzima mgeni." Nilimfuata. Aliweka kidole kwenye kitufe sawasawa kama nilivyofundishwa mimi chuoni, akahesabu kwa Kibena mpaka tano, na kabati likashusha pumzi, likanyamaza. "Haule alinifundisha wakati wa radi," akasema. "Aliniambia radi ikianza na yeye hayupo, nimlaze hivi, asiungue, ikiisha nimwamshe. Akaniachia na ufunguo, nimpanguse vumbi." Nikasema leo hakuna radi. Akanitazama kwa mshangao, kama nimeuliza kwa nini watu wanavua kofia. "Kuna msiba, mwanangu. Jirani amelala ndani hajazikwa, sisi turushe mambo mpaka Dar? Redio nizime, huyu nimwache? Mgeni aliye ndani ya nyumba, msiba wa jirani ni wake pia."

Nilikwenda naye msibani kwa sababu miguu ilikwenda. Wanawake walinipa kisu na ndoo ya viazi, nikakaa kwenye mkeka nimenye pamoja nao, na huku namenya nikauliza, kama mtu anayetafuta la kuongea, kwamba mtaa huu mwaka huu umepatwa sana? Wakanihesabia. Kulikuwa na bibi wa mashine ya kukoboa, alizikwa Jumatano ile ya mvua kubwa ya mawe. Kulikuwa na mtoto wa mwalimu. Kulikuwa na mke wa fundi baiskeli, alikufa wiki ya Pasaka, na mazishi yake yalichelewa kwa kusubiri ndugu kutoka Songea, ndiyo maana walikesha siku mbili. Nilikuwa nalijua jedwali langu kwa moyo. Jumatano ya mvua ya mawe ilikuwa pengo la kwanza. Mtoto wa mwalimu, la pili. Mke wa fundi baiskeli, la tatu, lile la Wanging'ombe. Miezi ile yote nilikuwa nimebandika kabatini orodha ya marehemu wa mtaa mmoja wa Mahongole, nikiisoma kila asubuhi wakati navaa na kumtafuta ndani yake mwizi. Kisu kilinikata kidole. Mwanamke wa kando yangu akanifunga kitambaa, akaniambia nisilie, mzee alikuwa ameshiba siku zake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu, na naliandika hapa kabla sijapata muda wa kulipamba. Sikusema. Nilikaa siku tatu na karatasi ya barua kwa meneja, nikaandika "Kuhusu suala la ndugu Haule," nikaishia hapo. Ningesema, ningemtaja Mama, na nilijua wakulima wa Wanging'ombe wangesikia; lakini nisijifiche nyuma ya mjane, kwa sababu kilichonizuia hasa ni kwamba ningelazimika kusimama kwenye kile chumba cha maandazi na kusema nilikosea. Badala yake nilitengeneza. Niliziongezea kompyuta za maghala kumbukumbu ziweze kushikilia vipimo vya wiki nzima. Nilimrudishia yule mama wa Wanging'ombe kipima joto na daftari lake. Na nikamwomba Mama Faraja asimzime mgeni tena, nikamwambia hana muziki, anachonong'ona ni joto la viazi tu. Alifikiri, akasema, "Haya, ninyi ndio wenye mgeni," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekubali. Mapengo yakaisha. Mwisho wa mwaka ikaja barua kutoka makao makuu: tangu Haule aondoke, mtandao umetulia, hongera kwa Bi Sanga. Yaani nilipoziba tundu kimya kimya ndipo nilipomfunga kabisa. Kama palibaki mtu mmoja aliyedhani kwamba Haule alionewa, mistari yangu ya kijani ilimmaliza. Niliiweka barua ile kwenye bahasha ya plastiki pamoja na cheti, nikapanda cheo, na baadaye kingine, na leo mfumo wote uko chini yangu.

Kesho yake baada ya simu ile ya Faraja, nilifika Mahongole saa nne asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na upepo ule ule. Mama alikuwa amelazwa sebuleni. Nilimwangalia, nikatoka kwenye korido nipate kupumua, na hapo nikausikia mngurumo nyuma ya mlango. Seva zimebadilishwa mara mbili tangu wakati ule, hii ya sasa ni ndogo, lakini chumba ni kile na sauti ni ile. Wakati nimesimama, mtu mwenye upara na fimbo aliingia na furushi la dagaa wa ziwani, akamkabidhi Faraja, akageuka. "Kamwene, Sanga," akasema. Nilisema shikamoo, Kaka Haule, na magoti yangu yakainama zaidi ya ilivyo kawaida. Aliitika. Kisha akasikiliza mlangoni, akatikisa kichwa. "Anaunguruma na Mama amelala hapa."

Nikamwambia, "Kaka, najua aliyekuwa anazima. Nilijua tangu Juni ya mwaka ule ule." Nilitaka kuendelea, nieleze barua, meneja, woga. Akainua mkono. "Mama aliniambia. Alinitumia salamu kwa mtu wa Manda, kwamba binti ameona kwa macho yake. Nikasema basi, ataandika." Aliniangalia moja kwa moja. "Nilisubiri mwaka. Halafu nikanunua injini ya boti." Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema siku ile ya kikao. Akashusha sauti, kwa sababu watu walikuwa wanapita. "Mjane, Sanga. Anazima mashine kila mtu akifa, na mbegu za watu zinaoza. Unajua huku kwetu wangemwita nani, na mambo hayo yanaishia wapi. Mimi nikiitwa mwizi nilikuwa bado naweza kutembea." Nililia mbele yake, kwa sauti, na waliopita walidhani ni kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya Mama pia ilikuwa.

Nilivuta kigoda, nikainua kalenda, ya mwaka huu lakini ya kanisa lile lile, nikachukua ufunguo, nikampa. Aliupima kwenye kiganja, akanirudishia. "Zima wewe," akasema. "Mimi kwa kosa hili nilishafukuzwa." Nikafungua. Nikaweka kidole, nikahesabu mpaka tano kwa Kibena changu kibovu, na nyumba nzima ikawa kimya, tukasikia kwaya ikipanga sauti nje. Hazikupita dakika kumi simu yangu ikaita. Alikuwa kijana wa zamu wa Dar, ana sauti ya wasiwasi, ana kanuni zangu mwenyewe kichwani maana mimi ndiye niliyemfundisha. "Bosi, Makambako imezima. Kumbukumbu zinaonyesha kitufe. Kuna mtu ana ufunguo?"

"Ni mimi," nikasema. "Nimezima mimi, mpaka tukishazika. Maghala yanashikilia vipimo vyake, usihofu. Kwenye sababu andika msiba." Nikasikia akiandika. Haule alikuwa amesimama pale pale, ameegemea fimbo, anaangalia kalenda. Nikasema, "Na ukimaliza fungua faili la zamani la Makambako, lile la mwaka wa kwanza. Andika kwamba mapengo yale matatu hayakuwa ya Haule, na kwamba Sanga alijua mwaka ule ule akanyamaza. Weka jina langu zima."

Kijana akaandika. "Sawa, Bosi," akasema. "Lakini, samahani, Haule ni nani?"

Nilimgeukia Haule. Alikuwa amesikia, kwa sababu korido ilikuwa kimya sana. Alivuta kile kigoda karibu na ukuta, akakaa, akanyoosha mguu wake unaomuuma, akanisubiri nijibu.